Fahrenheit 9/11 kwa Kiswahili: maswali tunayoulizwa kila tunapoionyesha

Tumeionyesha filamu hii kwenye vibanda vya video vya Kampala, kwenye kumbi za parokia, na kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, shuka jeupe likiwa limefungwa kati ya miti miwili. Vijei wetu, yaani wasimulizi wanaoifuata filamu kwa sauti, hutafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Maswali yanayofuata filamu ni yaleyale kila mahali, na mengine hatuwezi kuyajibu vizuri saa nne usiku watu wakiwa wanawahi boda. Ndiyo maana tumeyaandika.

## Filamu yenyewe

Filamu hii inahusu nini hasa?

Inaeleza jinsi serikali ya Rais George W. Bush ilivyoipeleka Marekani vitani Iraq mwezi Machi 2003. Michael Moore, aliyeitengeneza, anaanzia mbali kidogo, kwenye uchaguzi wa mwaka 2000 ulioamuliwa kwa tofauti ya kura 537 za jimbo la Florida na hukumu ya Mahakama ya Juu. Anapita kwenye mashambulizi ya 11 Septemba 2001, sheria za usalama zilizopitishwa haraka, na vita vya Afghanistan, kisha anaingia Iraq na kubaki huko. Ni saa mbili na dakika mbili. Sisi huikatiza mara moja katikati ili vijei apumzishe koo.

Hoja yake ni hii: watu walikuwa na hofu ya kweli, kutokana na shambulio la kweli, na wakubwa wakaichukua hofu hiyo wakaielekeza kwa nchi ambayo haikushambulia.

Ni sinema au ni habari?

Ni filamu ya hali halisi. Rais unayemwona ni rais mwenyewe, na mama anayelia anamlilia mwanawe. Lakini usiitazame kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ni hoja ya mtu mmoja, anayoitoa kwa sauti yake mwenyewe. Msikilize kama unavyomsikiliza wakili mahakamani: anaweza kuwa na ushahidi mzito, na bado anasimamia upande mmoja. Pale anapoteleza tumepaeleza chini, kwenye swali la kama filamu inasema ukweli wote.

Huyu Michael Moore ni nani?

Ni Mmarekani wa eneo la Flint, Michigan, mji wa viwanda vya magari ambako kazi ziliondoka na watu wakabaki. Tarehe 23 Machi 2003, siku chache tu baada ya mabomu kuanza kuanguka Baghdad, alipewa tuzo ya Oscar kwa filamu yake ya awali. Alitumia dakika yake jukwaani kumkemea Bush kwa vita hivyo. Ukumbi ukagawanyika, hawa wakipiga makofi na wale wakizomea.

Mbona mwanzoni picha ilipotea? Umeme ulikatika?

Hapana. Moore haonyeshi ndege zikigonga majengo ya New York. Anaacha kioo kiwe cheusi kabisa na kukuachia sauti: mngurumo, kishindo, watu wakipiga mayowe. Kisha picha inarudi na unaziona nyuso zilizotazama juu.

Mara ya kwanza tulipoionyesha hatukumwonya mtu. Mwenye jenereta aliinuka na tochi mdomoni, akaanza kupapasa kidumu cha petroli, huku vilio vikiendelea kwenye spika. Mzee aliyekaa karibu naye akamshika shati, akamwambia, "Kaa chini kijana, sauti ipo." Banda zima likanyamaza. Nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado sijaona mahali pengine ambapo watu wanasikiliza kwa mwili mzima namna ile. Siku hizi tunatoa tangazo mapema, ingawa mimi binafsi nasikitika kidogo tunapolitoa.

Kwa nini ilipigiwa kelele sana?

Mei 2004 ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Ufaransa. Kabla ya hapo kampuni ya Disney ilikuwa imelikataza tawi lake la Miramax kuisambaza, na ikabidi haki zake zinunuliwe na kupelekwa kwa wasambazaji wengine. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 6 na kuingiza zaidi ya milioni 220 duniani kote. Filamu ya hali halisi haikuwa imewahi kuuza tiketi kiasi hicho.

## Njia ya kwenda vitani

Je, Iraq ilihusika na Septemba 11?

Hapana. Watekaji ndege walikuwa 19, na 15 kati yao walikuwa raia wa Saudi Arabia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Mwiraki. Tume iliyochunguza mashambulizi hayo ilitoa ripoti yake Julai 2004, na haikupata ushahidi kwamba Saddam Hussein alishirikiana na al-Qaeda kuishambulia Marekani.

Swali hili huja hata baada ya filamu kwisha, na wanaouliza si wajinga. Majina mawili yakitajwa pamoja kila siku redioni kwa mwaka mzima, mwishowe masikio yanayashona yawe kitu kimoja. Ndivyo ilivyofanyika.

Basi zile silaha za maangamizi zilipatikana?

Zile ambazo dunia iliambiwa zipo, hapana. Makombora ya kemikali ya zamani, ya kabla ya 1991, yaliokotwa huku na kule, mengi yakiwa yameoza. Lakini akiba iliyotajwa kuwa sababu ya vita haikuwepo. Wataalamu waliotumwa na Marekani yenyewe, mwishoni wakiongozwa na Charles Duelfer, walitoa ripoti ndefu mwaka 2004 ikisema hivyo.

Hapa kuna kipande ambacho namwomba kila mtu akitazame kwa makini. Februari 2001 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje, akiwa Cairo, anasema Saddam hajajenga uwezo wowote wa maana wa silaha hizo. Ni yeye huyohuyo ambaye tarehe 5 Februari 2003 alikaa mbele ya Baraza la Usalama, akainua kichupa kidogo mkononi kueleza kitisho cha kimeta, na kuiambia dunia kwamba Iraq ni hatari isiyoweza kusubiri. Kati ya siku hizo mbili, Iraq haikuwa imebadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni kile ambacho Washington ilitaka kusikia. Baadaye Powell mwenyewe alisema hotuba ile ni doa katika historia yake.

Kuna habari ya urani ya Afrika. Ni nini?

Hili tunaliongeza sisi katika mazungumzo, kwa sababu linatuhusu. Tarehe 28 Januari 2003 Bush aliliambia taifa lake kwamba, kwa mujibu wa serikali ya Uingereza, Saddam alikuwa ametafuta urani nyingi kutoka Afrika. Nchi iliyokusudiwa ni Niger, si Nigeria. Lakini karibu mwaka mzima kabla ya hotuba hiyo, balozi mstaafu Joseph Wilson alikuwa ametumwa Niger kuchunguza na kurudi akisema hakuona dalili ya biashara kama hiyo. Tarehe 7 Machi 2003, Mohamed ElBaradei wa shirika la nguvu za atomiki la Umoja wa Mataifa alilieleza Baraza la Usalama kwamba nyaraka za mauzo hayo hazikuwa halisi. Zilikuwa za kughushi. Vita vilianza siku 13 baadaye, kana kwamba hakuna aliyesema neno.

Mwalimu mmoja wa Mbarara alituuliza kwa nini ni rahisi hivyo kwa watu kuamini jambo ovu likisemwa limetoka Afrika. Sina jibu linalomtosha.

Bunge lao halikuuliza maswali?

Liliuliza kidogo na kupiga kura kubwa. Oktoba 2002 Baraza la Wawakilishi lilimpa rais ruhusa kwa kura 296 dhidi ya 133, na Seneti kwa 77 dhidi ya 23. Moore anasimama nje ya Bunge akiwaomba wabunge wawaandikishe watoto wao jeshini, na wengi wanapita haraka bila kumtazama usoni. Banda hucheka sana hapo. Mimi hukumbuka wale ambao watoto wao walikwenda.

Umoja wa Mataifa uliruhusu?

Azimio 1441 la 8 Novemba 2002 lilipita kwa kura zote 15. Liliitaka Iraq ifungue milango kwa wakaguzi na kuionya juu ya matokeo mazito. Halikutoa ruhusa ya wazi ya kuvamia. Marekani na Uingereza zilitafuta azimio la pili, na Angola, Cameroon na Guinea, zilizokuwa kwenye Baraza wakati ule, zilibembelezwa sana. Kura hazikutosha, azimio likaachwa, na uvamizi ukaanza tarehe 20 Machi. Mwaka 2004 katibu mkuu Kofi Annan alisema vita hivyo vilikwenda kinyume cha mkataba wa Umoja wa Mataifa.

## Ukweli na mapungufu

Je, filamu inasema ukweli wote?

Hapana, na tusipolisema hilo tutakuwa tunafanya kilekile tunachokilaumu. Inaionyesha Baghdad kabla ya vita ikiwa na watoto wanaorusha tiara na harusi inayoendelea, bila kutaja waliouawa na utawala wa Saddam, wakiwemo Wakurdi waliopigwa gesi Halabja mwaka 1988. Pia inawacheka washirika wadogo wa Marekani kama Palau, Costa Rica na Iceland, na kuiacha Uingereza, iliyopeleka makumi ya maelfu ya wanajeshi.

Sehemu ya jamaa wa Osama bin Laden waliopandishwa ndege na kuondoka Marekani inamfanya mtazamaji aondoke na picha ya watu waliotoroshwa. Ni kweli waliondoka baada ya mashambulizi, lakini tume ya uchunguzi ilisema safari hizo za kimataifa zilifanyika baada ya anga kufunguliwa tena, na abiria walikaguliwa.

Moyo wa hoja, yaani sababu zilizotangazwa za vita na ukweli uliokutwa Iraq, haujaporomoka. Umezidi kuthibitika. Uingereza ilifanya uchunguzi wake chini ya John Chilcot, na ripoti ya Julai 2016 ilisema njia za amani zilikuwa hazijaisha na kwamba tathmini za silaha zilitolewa kwa uhakika ambao haukustahili.

Kwa hiyo Saddam alikuwa mtu mzuri?

Hapana. Tazama jibu lililotangulia. Mtu mbaya bado anaweza kusingiziwa, na wanaolipa ni majirani zake.

Filamu ilizuia chochote?

Ilitoka Juni 2004, vita vikiwa na zaidi ya mwaka mmoja, na Novemba mwaka huohuo Bush alichaguliwa tena. Kwa hesabu hiyo, haikuzuia. Lakini vipande vile vya Powell vimehifadhiwa mahali ambapo kijana wa Jinja anaweza kuviona kwa macho yake. Bila mtu kukaa na kuvitafuta, vingebaki kwenye makabati ya televisheni.

## Uganda na sisi

Uganda ilihusika vipi?

Kwa jina. Machi 2003 Marekani ilitangaza orodha ya nchi zilizounga mkono vita, na Uganda ilikuwemo pamoja na Rwanda, Ethiopia, Eritrea na Angola. Hatukupeleka jeshi. Watu wengi bandani hawajawahi kusikia jambo hili, na wakilisikia huuliza, "Nani alituuliza?"

Na wale askari wetu waliokwenda kulinda kambi?

Hao walikwenda kwa miguu yao, kwa maelfu, kuanzia mwaka 2005. Walikuwa wanajeshi na polisi wastaafu, walinzi wa benki, na vijana waliofundishwa bunduki kwa wiki chache. Waliajiriwa na kampuni binafsi kulinda mageti ya kambi za Marekani kule Iraq. Mishahara ya mwanzo ilifika karibu dola 1,000 kwa mwezi, kisha ikashuka mwaka hadi mwaka kadiri waombaji walivyozidi. Filamu ilitoka kabla yao, kwa hiyo usiwatafute humo. Utawaona vijana wa Flint wakifuatwa na waandikishaji wa jeshi kwenye maegesho ya maduka, na ukiwa Mganda utaijua sura ile.

Siku moja afande mmoja mstaafu alisimama mbele ya shuka, mwanga wa projekta ukimpiga kifuani, akatuonyesha kazi yake ilivyokuwa. Alichukua ufagio, akaugeuza, akajifanya anasukuma kile kioo cha mpini mrefu chini ya gari: mbele, gurudumu, tangi, nyuma. Akarudia taratibu. "Kwenye tangi hapa," akasema, "unaacha kupumua. Kila gari. Magari mia mbili kwa siku." Akarudisha ufagio ukutani, akaketi.

Ndugu yangu aliumia kule. Ana haki yoyote?

Inawezekana anayo. Marekani ina sheria ya tangu 1941, Defense Base Act, inayowataka waajiri wenye mikataba ya aina hiyo kuwakatia wafanyakazi bima ya kuumia na kufa kazini, hata kama si Wamarekani. Inagusa pia wajane na watoto. Madai yana muda wake wa kuwasilishwa, na si mrefu, kwa hiyo wahi kumwona mwanasheria anayeijua sheria hiyo. Ada ya wakili katika madai haya huidhinishwa na mamlaka za Marekani. Mtu akikuomba hela mkononi ili "akufungulie faili", ondoka.

Naliandika hili kwa uchungu. Binamu yangu alirudi na sikio moja lisilosikia. Aliwekewa karatasi za Kiingereza azitie saini uwanja wa ndege, na hakuna aliyemwambia neno bima. Alilijua miaka mingi baadaye, muda ukiwa umeshapita.

Kwa nini Kiswahili? Luganda ingewaleta watu wengi zaidi.

Kampala, ndiyo. Lakini watu tuliowalenga ni wa kambini na getini: wanajeshi, walinzi, madereva wa malori, na Wakongomani wa Nakivale na Kyangwali. Lugha yao ya pamoja ni hii. Najua wazee wengi hapa walijifunza kukiogopa Kiswahili vizuizini, miaka ya sabini na themanini, bunduki ikiwa usoni. Mama mmoja alituambia ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia Kiswahili kikihoji vita badala ya kuviamrisha. Tangu siku hiyo hatujafikiria kubadilisha lugha.

Mbona mnaitazama Marekani? Vita vyetu je?

Kule Nakivale hili ndilo swali la kwanza, na wanaouliza wana haki. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa vita vyake Kongo, na 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe dola milioni 325. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani kwa siku sita, mji usio wa nchi yoyote kati ya hizo mbili. Tuna watazamaji waliokuwa watoto Kisangani siku zile.

Filamu ya Moore tunaitumia kama darasa la kuuliza. Nani amesema? Amelijuaje? Atakwenda yeye, au atamtuma mtoto wa mwingine? Maswali hayo yanavuka mpaka wa Bunagana bila pasi.

Kikatiba, hapa nani anaruhusu vita?

Ibara ya 124 inasema rais anatangaza hali ya vita kwa idhini ya Bunge, theluthi mbili ya wabunge wote. Haraka ikizidi, anaweza kutangaza kwanza, lakini lazima aiombe idhini hiyo ndani ya saa 72. Mbunge wako ana sehemu yake hapo. Muulize akija kuomba kura.

Mnatumwa na chama gani?

Hakuna. Mafuta ya jenereta tunachangishana.

## Kuja kutazama, au kuionyesha kwenu

Naweza kuja na watoto?

Wadogo, hapana. Kuna maiti, miili iliyoungua, na watoto waliojeruhiwa. Marekani kwenyewe aliye chini ya miaka 17 alitakiwa kuingia na mtu mzima, na sisi tunafuata hivyo.

Naweza kuionyesha kijijini kwetu?

Filamu ina wenyewe, na Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, kwa hiyo pata ruhusa. Kuendesha kibanda cha video kama biashara kunahitaji pia leseni chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2013. Mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mapema, umweleze filamu inahusu nini kabla hajaelezwa na mtu mwingine.

Nilikuwa kule. Naweza kuzungumza baada ya filamu?

Ndiyo, na ukitaka kuja ukakaa kimya pia ni sawa. Tunaomba simu zote ziwekwe chini wakati wa mazungumzo. Harekodiwi mtu asiyetaka. Sehemu ya mama wa Flint, anayesoma barua ya mwisho ya mwanawe aliyekufa Iraq, iko karibu na mwisho. Kama unajua itakuwa nzito kwako, kaa upande wa mlango. Mlango hatuufungi, na huwa kuna mmoja wetu nje na chai.